Ng'ombe Wako Wamo Katika Jedwali la Pili

Uvira, Jumatatu mchana

Bizimana rafiki yangu,

Nimeituma makala. Nimeituma leo asubuhi, katika duka lile la intaneti karibu na soko, lile ulilokataa kuingia kwa sababu uliona viatu vimepangwa mlangoni ukadhani watu wako kwenye maombi. Nilibofya mahali pa kubofya, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, jenereta ya nje ikakohoa nikafikiri ndiyo basi tena, halafu yakatokea maandishi kwamba jarida limepokea. Nikakaa tu pale. Kijana aliyekuwa akisubiri kompyuta alinitazama kwa huruma. Nilitafuta mtu wa kumwambia, na mtu niliyemtaka ni wewe.

Najua barua hukuzipenda. Ulikuwa ukisema, "Karatasi iko nasahau. Inaloa mara moja tu, inasahau yote." Nivumilie.

Nianze na lililo baya, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Siku ile hospitalini, siku uliyokunywa uji ukamaliza tukadhani umepona, uliniuliza, "Feza, ng'ombe zangu ziliingia mu ile kitabu yako?" Nikakujibu ndiyo, wameingia wote. Ukacheka mpaka kifua kikakushika. Ukasema, "Basi Bihogo amefika Ulaya mbele yangu." Siku mbili baadaye ulikufa. Na mimi nilikudanganya, Bizimana. Nilikuwa nimeshawaondoa. Wote, kuanzia Bihogo mpaka Gaju mdogo, nilikuwa nimewafuta katika makala wiki mbili kabla hujaletwa huku chini Uvira.

Nataka uelewe kwa nini, si kwa kujitetea.

Unakumbuka mimi na wewe tulivyopima yale maporomoko saba ya ardhi juu ya Bijombo, wewe ukishika mwisho mmoja wa kamba na kunisimanga kwa viatu vyangu. Kupima upana nilijua. Kuchora ramani nilijua. Kilichonishinda ni miaka. Poromoko lisilojulikana lilianguka lini halinisaidii kitu, siwezi kujua kama mlima unapumzika sana au kidogo kabla ya kuanguka tena. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe najikuna kichwa, na wewe, bila hata kugeuka, ukaanza kusema. Hili la juu lilianguka Sine akiwa na mimba ya Gaju. Lile la upande wa mto lilianguka Bihogo akinyonyesha. Lile la zamani, lililoota miti, ni la wakati wa bibi yake Bihogo, na mama yako alilisikia kwa baba yake. Ukatoka kwa ng'ombe aliyekuwa mbele yetu akitafuna, ukapanda kwa mama yake, kwa bibi yake, kwa mama wa bibi yake, na kila mmoja na ndama zake kwa mpangilio, na kila poromoko likiwa limefungwa kwa mmoja wao. Kalamu yangu ilikuwa hewani. Hapo ndipo ulipocheka ukasema mulima iko natembea, ni vile tu iko natembea polepole kuliko mimi.

Nilipouliza ni ndama wangapi kwa jumla, ulikunja uso. "Minye sihesabuke ng'ombe. Ng'ombe inaitwaka kwa jina." Sikuthubutu kuuliza tena. Nyumbani nikaketi na daftari nikajaza mwenyewe palipokosekana. Kila ng'ombe nikampa ndama mmoja kwa mwaka. Mimi, mtoto wa Kimanga, niliyekua kando ya ziwa nikiona ndagala, vile visamaki, zimeanikwa mchangani, ng'ombe nikimwona akiwa tayari kwenye sahani.

Kisha nikaziweka hesabu hizo kando ya picha za setilaiti, nazo hazikupatana. Poromoko ambalo kwa hesabu yangu lilikuwa bado, katika picha lilikuwa tayari limeshachana mlima, jeupe, wazi. Na nilivyozidi kurudi nyuma ndivyo tofauti ilivyozidi kuwa kubwa. Nikajiambia, haya ni masimulizi mazuri tu, na rafiki yangu ana kichwa kizuri, lakini hii ni sayansi. Na Profesa anayenisimamia alikuwa ameniambia ile shule ya ng'ambo itanipa nafasi ya udaktari iwapo tu nina makala iliyokubaliwa kabla ya mwaka kwisha. Niliogopa kuchekwa. Nikafuta jedwali la ng'ombe, nikaandika maneno mawili yasiyo na mtu ndani yake: "wenyeji wanasema."

Ndivyo nilivyoituma mara ya kwanza, baada ya matanga yako.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Mhakiki wa kwanza alisifu ramani. Wa pili, ambaye sitamjua jina maisha yangu yote, aliandika hivi: wenyeji gani? Wanajuaje? Je, mtu huyo anaweza kuulizwa tena?

Nilianza kumjibu. Niliandika "Hapana", na baada ya hapo sikuweza kuendelea. Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa ufukweni, pale maji yalipokula nyumba za watu, nikalia kama ambavyo sikuwahi kulia msibani kwako. Msibani nilikuwa na aibu. Huwezi kumlilia vizuri mtu uliyemdanganya.

Asubuhi yake nikapanda pikipiki kwenda Bwegera kwa dada yako Esperansi. Nilimkuta kwenye mpunga, matope mpaka magotini. Nikamwomba aniambie ukoo wa Gaju. Hakuuliza kwa nini. Hakunyanyua hata mgongo. Alikuwa akichomeka miche na kutaja, mche na jina, mche na jina, na mimi nimesimama kwenye tuta na daftari la maneno yako wazi mikononi nikifuatisha kwa kidole. Bizimana, alitaja vilevile. Jina kwa jina. Alipofika kwa yule ndama aliyekufa kwa radi, ambaye wewe ulimtaja ukanyamaza kidogo, naye akanyamaza kidogo.

Siku ya nne nikawa Bijombo kwa mama yako. Tangu barabara iharibike, yeye na Esperansi hawajaonana, kwa hiyo hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Nilimpelekea chumvi, sabuni na kitenge. Samaki sikubeba, nilikumbuka ulivyokuwa ukizikimbia ndagala zangu, "hizi vitu ziko naniangalia." Mama yako amekonda lakini sauti yake ni ileile. Alinishika mikono yote miwili muda mrefu.

Sitakuambia ng'ombe waliobaki ni wangapi. Nitakuambia waliobaki: Gaju mdogo yupo, na ndama wake, na Mukara yule mkorofi. Wengine unajua mwenyewe walivyokwenda, miaka hii imewachukua. Gaju mdogo alininusa mfuko wa daftari.

Mama yako naye akataja. Majina yaleyale. Tofauti ikawa moja tu: Esperansi alisema lile poromoko la juu lilitokea Sine akiwa na mimba, kama wewe ulivyosema, na mama yako akasema hapana, alikuwa ameshazaa wiki hiyohiyo, yeye mwenyewe alikuwa akikamua maziwa ya kwanza ardhi ilipotikisika na chombo kikamwagika. Wewe ulikuwa mgongoni mwake na Esperansi hajazaliwa. Nikaandika ya mama yako. Usinune.

Kisha nikamwonyesha jedwali langu na kumweleza nilivyopata miaka, kila ng'ombe ndama mmoja kwa mwaka. Alinitazama. Akaweka chini kibuyu cha maziwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kile kitenge kipya, na nafikiri yalikuwa machozi ya kwanza ya namna hiyo tangu uondoke. "Weye mutoto, ulifikiri ng'ombe ni sungura?"

Huko juu, akaniambia, ndama ananyonya sana, majani ni hayahaya machache, mama yake lazima apumzike. Kati ya ndama na ndama hupita mvua mbili nzima, ndiyo miaka miwili, na wakati wa kukimbia vita hupita zaidi. Naye hakuhesabu, kama wewe. Alitaja tu. Huyu alizaliwa maharage yakivunwa. Huyu ni wa mvua ile iliyobeba daraja. Huyu ni wa kiangazi tulicholala porini. Nami nilikuwa nimejaza mfuko wa kulia vijiwe, na kila msimu ulipopita nikahamishia kimoja mfuko wa kushoto, taratibu, ili asione nahesabu. Nafikiri aliona, akaniachia.

Nilishuka nimebeba vijiwe hivyo na miguu imevimba. Sikuenda kulala. Ilikuwa mchana, umeme upo, nikaweka miaka mipya kando ya picha.

Poromoko la kwanza likaingia mahali pake: picha moja mlima mzima, picha inayofuata mlima umechanika, na mwaka wa ng'ombe katikati. La pili likaingia. La tatu. Nilianza kuogopa. Nilifika la sita nikainuka nikatembea chumbani, nikarudi. La saba, lile la bibi yake Bihogo, halimo katika picha yoyote ya setilaiti, ni la zamani mno. Profesa alikuwa na picha moja ya ndege, ya enzi za wakoloni, yenye mikunjo. Kwa hesabu ya ng'ombe wako, poromoko lilikuwa limeshaanguka kabla picha hiyo haijapigwa. Nikaweka lenzi juu ya picha. Lilikuwa pale, alama nyeupe ndogo kuliko punje ya mchele, mahali penyewe.

Sijui nikuambieje. Nimesoma miaka mingi. Nimeona mashine zinazosikia dunia ikitikisika upande wa pili wa bahari. Lakini siku ile nilijiona mdogo kabisa, na nilifurahi kuwa mdogo. Mlima umekuwa ukiporomoka tangu kabla ya babu zetu, hauna mtu wa kuandika, na chini yake kulikuwa na familia moja isiyoandika neno, ikiita ng'ombe kwa majina, na haikukosea hata mwaka mmoja. Aliyekosea ni mwenye diploma. Nilipiga magoti, kweli, kwenye sementi, mimi ambaye ulinisema kanisani nakaa karibu na mlango.

Na kuna jambo ambalo bila ng'ombe wako lisingeonekana: maporomoko yanakaribiana. Zamani mlima ulikaa maisha ya ng'ombe mzima, kuzaliwa mpaka kufa, bila kuanguka. Sasa haukai hivyo. Nilipanda tena nikamwambia mama yako, nikamwambia na chifu, kabla ya kumwambia mhariri.

Profesa alisoma jedwali jipya, akasema kwenye simu ni jambo kubwa, tukushukuru mwishoni mwa makala, mahali pa shukrani. Nilimkatalia. Sijawahi kumkatalia kitu. Nikasema Bizimana ni mwandishi, wa pili baada yangu. Alikohoa, akakubali.

Lakini fomu ya jarida haikubali hivihivi. Inataka jina, inataka taasisi, inataka anwani ya barua pepe ili kila mwandishi athibitishe mwenyewe. Kwenye taasisi niliandika: Mfugaji, Bijombo. Kwenye anwani nikakwama, mashine ikakataa kusogea. Nikamwandikia mhariri, nikamweleza. Akajibu kwa mistari mitatu, kwa upole, kwamba aliyefariki huingia kama wengine, familia ikiridhia, na kando ya jina lake huwekwa msalaba mdogo. Karatasi niliituma juu, na mama yako ameridhia kwa kidole gumba. Wino umevuka mstari kidogo, nimeuacha hivyo.

Kwa hiyo leo imekwenda, na majina yenu yote. Jedwali la pili lina safu nne: poromoko, ng'ombe, msimu, picha. Nililisoma kwa sauti pale dukani kabla ya kubofya, Bihogo, Sine, Gaju, na yule kijana aliyekuwa akisubiri akaniuliza kama naandika hadithi. Kwenye jibu la mhakiki niliandika ukweli mzima, kwamba mara ya kwanza niliwatoa ng'ombe hawa kwa kuwa sikuwaelewa. Profesa ameona hilo halikuhitajika.

Sasa ahadi yangu. Wakikubali, nitapanda na makala imefungwa kwenye nailoni, nikae na mama yako, nimsomee. Lakini yawezekana wakaandika kwamba kazi ni nzuri, ramani ni nzuri, ila ng'ombe watolewe. Profesa anasema jambo hilo hutokea, na mwaka unakwisha, na ile nafasi haitaningojea. Nimelifikiria njia nzima kutoka sokoni mpaka hapa. Nitaiondoa makala yote, Bizimana. Nilishawatoa mara moja ukiwa hai, ukafa unajua wamo. Sitawatoa tena.

Pumzika, ndugu yangu. Mama yako anakula, Esperansi amepanda mpunga, mvua zimeanza vizuri.

Mimi, Feza