Munkoyo ya Kumaliza Kilio cha Mama

Lubumbashi, Makomeno, tarehe 9 mwezi wa sita

Kwako yaya yangu, dada mukubwa mupenzi Mwape,

Ninakusalimia kwa mikono mbili, na ninaomba Mungu barua hii ikukute umekaa muzuri, mugongo umekuachilia kidogo na kile kikohozi cha baridi kimekwisha. Shemeji naye, miguu yake inasema nini? Na batoto bako bote, bako na nguvu? Huku kwetu tunapumua. Vumbi ya mwezi wa sita imeingia mpaka mu sahani, lakini hatulale njaa.

Najua utashangaa kupokea karatasi. Christiane mwenyewe alinicheka, akaniuliza kama telefone yangu imekufa. Nilimujibu kwamba kuna maneno yenye mudomo yangu inakimbia, basi heri mukono iyaandike. Liévin, yule dereva wa kamio ya samaki, atakupa barua hii mukono kwa mukono. Usicheke maandishi yangu, unajua masomo yangu yaliishia wapi.

Ngoja nikupe kwanza habari ya mutoto wetu, juu nikinyamaza nitapasuka. Christiane amepandishwa ku kazi! Ile labo ya kupima mawe ya mugodi kwenye anafanya, sasa yeye ndiye anaongoza bengine, banaume bakubwa wenye ndevu banamuita shefu. Na kule Golf, mu mutaa ya batajiri, mu nyumba ya bwana yake Paulin, maji inatoka ku robine asubuhi na mangaribi, na jiko yake inawaka bila moshi. Nikipita ku parokia bamama banasogea nikae mbele. Siyo majivuno, yaya. Mutoto mwenye nilimubeba mu mugongo nikitwanga mizizi ya kinywaji yetu munkoyo, leo iko shefu! Wewe pia ujivune, iko mutoto yako.

Sasa nifike kwa neno lenye uliniuliza. Mara tatu umepiga simu ukisema siku ya kumaliza kilio cha mama imekaribia, na mimi nikuletee nsupa yake, kile kibuyu cha munkoyo, mbele ya siku, mizizi ilowane na munkoyo iive. Mara ya kwanza nilikuambia kamio ya Liévin imejaa. Mara ya pili nikasema nsupa iko kwa Christiane. Mara ya tatu nilikata simu, nikasema reseau ni mubaya. Reseau ilikuwa muzuri, yaya. Nilikuwa nakusikia mpaka pumzi yako.

Unakumbuka vile nilipata ile nsupa. Nkambo yetu, mama ya mama, alichachishia ndani yake munkoyo pale Kasenga kwenye unakaa, ku kivuko, wakati mashua zilikuwa zinarudi zimejaa samaki ya mpumbu na bavuvi banamuita kwa jina mbele hata bafunge kamba. Kisha mama. Kisha ilikuwa zamu yako wewe mukubwa. Lakini mimi nililia kwa mama, nikasema Lubumbashi kule bantu bako mingi, nitaifanya ijulikane, wewe uko na mto na ndugu, mimi niko na nini? Mama akanipa.  Uliifunga mu kitenge chako mwenyewe, ukaniambia tu: uioshe na maji baridi, yaya, maji baridi peke yake, ile machicha ya chini usiiguse. Hapo ulinicheza kwa kuniita yaya, mimi mudogo, nikacheka.

Ile machicha ya chini haikuguswa tangu nkambo. Ndiyo ilikuwa inachachisha uji, ndiyo ilikuwa inaipa ile ladha yenye bantu ba Kasenga banaijua hata bamefunga macho.

Mwaka jana, siku mbili mbele ya bakwe kuja kumuomba Christiane, mama ya Paulin alipita bila kupiga hodi ya mapema. Ni muntu wa heshima, mukasai wa biashara, viatu vyake tu vinaweza kukulisha. Aliingia mpaka jikoni. Akaona nsupa, akafunua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akaniuliza, huku anacheka, kama kwetu vyombo vinangojea Pasaka ndiyo vioshwe. Na mimi, yaya, nilicheka pamoja naye. Nilisema eti ni kitu ya bazee ba kijiji, nilisahau kuitupa.

Alipotoka, nilichemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, nikatia javel, ile dawa ya kungarisha nguo, nikatia na mawe madogo, nikaitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Nikarudilia. Ile ya nkambo ilitoka nyeusi, ikaenda mu mufereji wa barabara, na kuku ya jirani ikaja kuangalia. Ndani ilibaki nyeupe sawa jino.

Siku ya bakwe bantu balikunywa bia na soda. Hakuna muntu aliuliza munkoyo.

Tangu pale nimepika mara kumi na zaidi. Mizizi ile ile, unga ile ile, nimetwanga vile mama alitwanga. Inabaki uji mutamu wa mutoto, siku ya tatu inanuka. Christiane amenieleza kwa akili ya masomo yake kwamba kulikuwa bidudu bizuri bilikuwa bikiishi pale chini, na javel imeviua. Anaeleza muzuri sana, ungemusikia. Lakini hakuweza kuvirudisha.

Yaya, hiyo ningekuambia kwa telefone. Hii ingine ndiyo ilinishinda.

Wakati mama aliletwa kwangu mugonjwa, kitu ya kwanza aliomba ni munkoyo yake. Sikuweza kumuambia. Nilienda ku soko kwa mwanamuke mumoja wa Luapula, Benita, nikachukua ya kwake, nikaimwanga mu nsupa, nikamuletea mama nikisema nimepika. Alikunywa. Kesho yake hivyo hivyo. Majuma matatu nzima nilikuwa natwanga mizizi inje ku lupango, kwa nguvu, mama asikie mulio wa mutwangio, na nyuma namupa ya soko.  Alikuwa anamaliza kikombe na ananirudishia.

Siku ya mwisho yenye alikunywa, alishika nsupa mwenyewe, akaingiza kidole ndani, akakipitisha pole pole ku ukuta wake mweupe. Kisha akaniambia nimusalimie yule mama mwenye anapika, nimuambie asante, amechoka kwa ajili yake. Ni ile tu. Hakunigombeza. Nilisema: Eyo, mama. Nyuma ya siku mbili alitutoka. Na wewe ulipofika ukiwa na mavumbi ya njia, ukaniuliza kama alikunywa munkoyo yake mbele ya kufa, nilikujibu ndiyo, na ukanikumbatia, ukanishukuru.

Ile asante ya mama sikuipeleka mpaka juzi. Nilienda ku soko, nikamuambia Benita. Alifurahi sana, akasema yule kikongwe akuje mwenyewe siku moja, atamutilia kikombe kikubwa. Na mimi nikajibu eyo, atakuja. Mu njia ya kurudi nikakaa ku ukingo wa barabara na bamama banapita banasalimia mama ya shefu. Ndiyo nilisimama nikaenda kununua karatasi.

Yaya, usingojee munkoyo ya mama. Haiko tena, na hakuna mwingine mwenye alichukua mbegu yake. Nitafika na nsupa tupu. Bantu bakiuliza, usinifunike, nitasimama mimi mwenyewe niseme. Na kama unaona haifai nikae pa mukeka ya benye kilio pamoja na wewe, umuambie Liévin tu, ataniambia, na nitakaa ku mulango na bageni. Sitakasirika. Lakini nitakuja.

Umusalimie shemeji, na batoto mumoja mumoja kwa jina lake. Christiane na Paulin banakusalimia, hawajui nimeandika nini.

Ni mimi mudogo yako,

Régine, mama Christiane