Mabuti Uliyotuachia, Oteng

Ni mwaka mzima sasa, Oteng Seloilwe, na bado tunapita mlangoni kwa tahadhari tusijikwae kwenye mabuti yako, ingawa mlangoni hakuna kitu.

Ulituacha asubuhi ya baridi hapa Ghanzi, usingizini, miguu ikiwa nje ya blanketi kama kawaida yako. Wenzako wa muziki wa roki walikuja mazikoni na makoti yao ya ngozi juani, wakabeba jeneza lako, visigino vikigonga chini kwa pamoja. Ungefurahi. Ungewakagua soli pia.

Kazi yako ilikuwa pampu za visima malishoni, na hukuwahi kuacha ng'ombe wa mtu walale na kiu eti kwa sababu mwenyewe amekukosea. Ulikwenda, ukatengeneza, ukamsema njiani kurudi. Jumamosi ulipiga pasi nguo, ukavaa yale mabuti ya kahawia, marefu, uliyoyavaa siku ulipomwoa Keneilwe, ukaenda kwenye muziki wako wa makelele. Hatukuuelewa muziki huo hata siku moja. Mabuti tuliyaelewa, kwa sababu ulitusomesha tukitaka tusitake.

"Nenda dukani jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kazi," ulikuwa ukimwambia yeyote aliyekaa karibu nawe. "Ukinunua asubuhi, umemnunulia mtu mwingine. Buti likukamate hapa juu, wayo unapoinuka, kama mtu anayekusalimia kwa nia. Kisigino kikicheza kidogo siku za mwanzo, vumilia. Kikibaki nyuma unapopiga hatua, lirudishe, wala usidanganywe uongeze soksi. Buti si gunia."

Na lililolowa lisikaushwe motoni, lijazwe magazeti likae kivulini. Lipumzike siku baada ya kuvaliwa. Vumbi lifutwe kabla ya nta, la sivyo unaipaka ngozi mchanga. Asubuhi ligongwe kwanza, huenda nge amelala humo. Tunakumbuka yote, usiwe na wasiwasi.

Aliyekataa somo alikuwa Mjomba Modiri, kaka yake mama yako. Kwake yeye dawa ya ngozi ilikuwa mafuta ya ng'ombe tu. Akayapaka mabuti yake mafuta hayo, akayaanika barazani, mbwa akaondoka na moja.

"Mjomba, umempikia," ulimwambia.

"Nyamaza wewe. Lete hilo lililobaki nilifiche, asije akarudia sahani."

Basi ulipoondoka, huyo huyo Mjomba ndiye ambaye mila ilimpa mabuti yako. Unajua mambo yetu: vitu vya marehemu hufungiwa chumbani mpaka mwaka uishe, hakuna anayevigusa, kisha mjomba anachukua wa kwanza, naye alishatangaza kwamba ni mabuti. Keneilwe hakubishana na hilo. Kilichomuuma ni yale ya kahawia. Kwa ukavu huu wa Ghanzi, ngozi isiyopakwa nta mwaka mzima hupasuka pale inapokunja, na yeye katika vitu vyako vyote alitaka hicho kimoja kibaki kizima.

"Mjomba, mwaka ukiisha tutafungua tukute nini? Maganda?"

"Mama Tshenolo, mila ni mila. Hakuna wa kuyagusa."

Binti yenu Tshenolo alikuwa akiosha vyombo. Hakugeuka hata. "Isipokuwa mwenyewe," akasema. "Si ni yako, Mjomba? Mtu akigusa chake amevunja nini?"

Mzee akainuka kwenye kiti. Kisha akasema, "Huyu mtoto ana mdomo wa baba yake. Nta iko wapi?"

Wazee wenzake walinung'unika, akawaambia waje na mila inayomkataza mtu kutunza mali yake. Hawakuja. Tangu hapo kila mwezi alifungua kile chumba, akaketi kwenye kigoda, akafuta vumbi, akapaka nta, akayasimamisha wima kama ulivyotaka. Tulimsikia akikusema humo ndani. "Mafuta ya ng'ombe hapana, nimesikia, usinipigie kelele." Siku nyingine alitoka na macho mekundu. Mama yako alimwekea chai, akanywa bila kumtazama mtu. Aliyapenda, Oteng. Yule aliyekucheka miaka yote aliyapenda kuliko tulivyotegemea.

Jumamosi iliyopita tulifungua chumba. Nguo zikafuliwa, zikagawanywa. Mjomba akachukua mabuti ya kahawia, hayana ufa hata mmoja, akavaa soksi mbili mbili, akaanza kutembea kuelekea getini. Kila hatua mguu ulinyanyuka, buti likachelewa. Tulikuwa wengi uani na hakuna aliyecheka, maana sote tulijua alivyoyasubiri.

Alifika getini akashika nguzo. "Kisigino kinabaki nyuma," akasema.

"Ongeza soksi ya tatu," Keneilwe akamwambia kwa upole.

"Ili Oteng anicheke zaidi? Huko aliko ananiona." Akarudi polepole, akakanyaga kile kibao chako cha kuvulia mabuti, akavua moja, akavua la pili. Akayapangusa kwa mkono wa shati. "Amenifundisha hata kukataa changu. Tshenolo, lete hiyo miguu mikubwa."

Tshenolo, ambaye tangu shule alikuwa akiificha miguu yake chini ya dawati, aliyapokea, akayageuza, akayagonga kwanza. Tukacheka hapo, tukapata pumzi. Yakaingia sawasawa. Yakamkamata pale pale ulipokuwa ukituonyesha. Akatembea hadi getini na kurudi, visigino vikigonga ua kwa ule mwendo wako mzito wa kulia, mwepesi wa kushoto, na Keneilwe, aliyekuwa amegeuka kuanika shati lako la mwisho, akageuka upesi kuona nani amefika.

Akamwona mwanawe. Akasema tu, "Karibu nyumbani."

Jumatatu Tshenolo alivaa mabuti yake ya kazi akaenda kisimani na spana zako. Ya kahawia yalibaki ndani yakipumzika, kama ulivyofundisha.

Unakumbukwa na mkeo Keneilwe, binti yako Tshenolo, mama yako Bonyana, na Mjomba wako Modiri, ambaye anasema ataendelea kuja kila mwezi na brashi yake, akidai kwamba mila haijasema aache. Soli zikiisha tutayapeleka kwa fundi. Wewe, Oteng, hutaisha kwetu siku zote tutakazoishi.