Injini Yako Haikukaza Njiani

Ndugu yangu Saidi,

Nimechoka, na mkono wangu umekuwa mzito, lakini kuna jambo nililotaka kulijua tangu mwaka wa sabini na mbili, na sasa nimelijua. Lilikuwa ndani ya injini yako.

Nilirudi Rumonge kutoka Kigoma nikiwa mzee. Karakana yetu haipo tena. Pale wanauza simu. Wale tuliosali nao Ijumaa, waliobaki hawajazi mkeka mmoja. Zainabu yupo. Nyumba yenu ni ile ile, na nyuma yake, chini ya magunia matupu ya ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, pikipiki yako imesimama. Mkeo hakumruhusu mtu aiguse.

Unakumbuka ilivyokufikia. Mbelgiji wa mashamba ya michikichi alikuachia alipokuwa akifunga mizigo, na siku ya uhuru ukaipanda kutoka sokoni hadi ziwani, bendera imefungwa kwenye usukani, Zainabu nyuma yako amekushika kiuno, anacheka na kukutukana. Tangu siku ile tulijua unakuja kabla hatujakuona.

Mwaka ule wa sabini na mbili injini ilianza kunguruma vibaya. Tukaifungua, tukakuta beringi mbili za krenki zimekwisha. Ukaleta nyingine, mpya, za kinu cha kukamulia mawese. Nilizikataa. Ukasema, "Ukubwa iko moja, Mwalimu. Wewe unatafuta nini tena?" Uliniita Mwalimu kwa kunikejeli, kwa sababu nilikuwa nikikusahihisha Kiswahili.

Nilikueleza, nawe ulikuwa umekwisha kukasirika. Beringi ya kinu huzunguka polepole, na kinu hakipati moto sana, kwa hiyo gololi zake zimebanwa. Ukiitia katika injini, bodi ya aluminiamu inaikaba kwa nje, moto unaivimbisha kwa ndani, gololi zinakosa nafasi, na injini inakaza ukiwa katikati ya safari. Inatakiwa ile iliyoachiwa nafasi tangu kiwandani. Ukiishika mkononi na kuitikisa, unaisikia inacheza kidogo. Nikakuambia uitafute, hata kama ni Bujumbura. Ukapakia injini kwenye toroli, ukaenda kuifunga mwenyewe kwako. Hatukuzungumza tena kama ndugu. Sikuona ulitia beringi zipi.

Kisha ukaja mwezi wa nne, na mauaji yakaanza. Ulitoka kwa pikipiki kwenda Muhuta kumchukua mama yako, hukurudi. Mimi nilivuka ziwa na watoto wangu. Baadaye wavuvi waliikuta pikipiki kando ya barabara, wakamletea Zainabu kwa mtumbwi, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa. Ilipofika ilikuwa imelowa, na siku Zainabu alipopata mtu wa kuipiga kiki, kiki haikushuka. Watu wakasema injini ilikukazia, na wauaji wakakukamata ukiwa kwa miguu. Habari hiyo ilinifuata hadi Kigoma. Wengine waliisikia tu. Mimi niliiamini kwa sababu nilizijua zile beringi za kinu.

Mwezi uliopita Zainabu aliniita. "Shemeji, ifungue nijue," alisema. "Nimelaumu chuma muda wote huu."

Nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya. Nilichemsha mawese katika sufuria pana, nikaitumbukiza bodi ya injini mpaka ikapata moto na kutanuka, ili beringi zitoke bila nyundo. Zamani Zainabu alikuwa akitupigia kelele kwamba tunakaanga vyuma, na akituuliza jioni tutakula nini. Safari hii mawese aliyaleta mwenyewe, ameyachuja mara mbili, akakaa pembeni akichochea moto.

Beringi zikadondoka. Nikazifuta. Zilikuwa na kutu ya maji ya ziwa, Saidi, kutu peke yake. Chuma kilichokufa kwa moto huwa cha bluu. Hizi hazikuwa na bluu popote. Nikasugua ubavuni mpaka maandishi yakaonekana. Ni zile zenye nafasi. Ulikwenda kuzitafuta. Ulinisikiliza, na hukuniambia.

Nikatazama koki ya mafuta. Imefungwa. Na wavuvi walisema tangu mwanzo kwamba waliikuta imesimama juu ya stendi yake. Mtu ambaye injini imemkazia huku anakimbia hafungi mafuta. Wewe ulikuwa ukiyafunga kila uliposhuka mahali na kutarajia kurudi. Kuna mtu alikusimamisha, akakuambia ni dakika chache.

Nilimweleza Zainabu yote. Aliendelea kuchambua ngazi zake, matunda ya mchikichi.

"Basi ni watu," alisema.

"Ni watu."

"Chuma ningekisamehe, shemeji."

Nilifikiri nikiujua ukweli nitapumzika, kumbe tulikuwa tumejiegemeza kwenye injini yako sote wawili, na sasa nimeiondoa. Lakini baadaye alinishika mkono akasema, "Murakoze, asante. Pikipiki yake haikumuangusha." Hilo nalo ni lake, atalihifadhi.

Nilikwenda Bujumbura kutafuta beringi mpya. Kijana wa dukani alinipa za namba ile ile, zilizobanwa. Nikazirudisha. Akasema, "Mzee, ukubwa iko moja, unatafuta nini tena?" Nilicheka, kisha nikaomba kiti, nikangoja mpaka akaniletea zenye nafasi.

Kesho, Mungu akipenda, nitazitia. Nitaipasha bodi moto, nitasema Bismillahi kama ulivyokuwa ukisema, na zitaingia zenyewe kwa uzito wake. Sitazigonga. Magoti yangu hayataki tena kupanda pikipiki, lakini nakuahidi italia, na Rumonge wataisikia.

Koki ya mafuta sijaigusa. Uliifunga wewe, na Zainabu ameomba aifungue yeye.

Lala salama, ndugu yangu. Ulifunga kazi yako vizuri.

Mwalimu wako