Askari Aliyeumia Anasonga Ngapi

Jumapili, 2 Machi 2025

Mvua imetufungia ndani, na afadhali. Kadi za mchezo wetu zimekamilika! Mdogo wangu Kipkemoi amezichora, mimi nimezikata, zote kutoka kwa boksi la maua lililoraruka nililoomba kazini. Kila kadi ni askari. Nguvu yake ya kusonga tumeiga jinsi tunavyopanga waridi kazini kwa urefu wa shina: wa sentimita sabini anasonga miraba saba, wa arobaini minne. Ubao ni ubavu wa boksi, nimeuchora kwa biki.

Sabini mmoja Kipkemoi kamchorea helmeti. Huyo ni yeye mwenyewe. Amecheka mpaka akashika mbavu. Tangu lori ligonge pikipiki yake Januari sijasikia kicheko hicho. Mguu bado una vyuma.

Jumanne, 4 Machi

Mchezo umekwama. Sheria ya Kipkemoi: askari akipigwa analala, na hasongi mpaka kadi ya daktari imfikie. Lakini daktari naye hupigwa! Leo wote wamelala, wake na wangu. Hakuna wa kusonga. Tumebaki kuangaliana kama watu wa matanga.

Nikasema tubadilishe. Akakataa katakata — aliyeumia angoje, hiyo ndiyo haki yake.

Jana kliniki daktari aliniita kando. Mfupa umeoza. Mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda, na uamuzi ni wa Kipkemoi mwenyewe. Nilirudi nikamwambia tumeongezewa dawa. Nimeogopa. Nimebadilisha bandeji leo nikijifanya sisikii harufu.

Alhamisi, 6 Machi

Ovataimu. Maua ya sikukuu ya akina mama huko Ulaya, meza hazipumui. Likanipitia mkononi waridi la sabini, limechubuka mwishoni mwa shina. Hilo hatutupi. Tunakata palipoharibika, linashuka daraja, linaingia boksi la hamsini na kupanda ndege kama mengine. Nikaduwaa — sheria si ndiyo hii! Supavaiza akauliza kama nimelala. Potelea mbali.

Nimemweleza Kipkemoi kabla sijavua gambuti. Askari akiumia, unakata kadi yake chini. Anapoteza miraba miwili, lakini zamu ijayo anasonga.

Akauliza polepole:

"Wamekutuma?"

"Nani?"

"Daktari. Mlienda kando Jumatatu, nikawaona. Wanataka kuukata, si ndio?"

Naapa nilikuwa nawaza mchezo tu. Mchezo! Lakini nikainama kuvua gambuti, naye akapata jibu lake hapo hapo. Akapangusa ubao kwa mkono, kadi zikatapakaa sakafuni.

"Mimi si ua, Cheruto."

Ameniita jina lote. Siku zote mimi ni Cheru.

Ijumaa, 7 Machi

Kipkemoi amegeukia ukuta. Ugali umekauka kwenye sahani.

Mama kapiga simu kutoka Bomet. Kipkemoi akamwambia yuko poa. Muongo!

Jioni jirani yangu Namalwa akaingia, akanusa, akatoka. Nikamfuata nje. Akasema shemeji yake alikataa kukatwa mguu vivyo hivyo, na wakamzika na miguu yake yote miwili. Nilitaka kumzaba kofi. Nikalia begani mwake.

Jumamosi, 8 Machi

Homa. Anatetemeka chini ya blanketi mbili. Nimempigia Ogola mwenye teksi ya Probox, anasema yuko njiani. Naandika nikimngoja.

Nilitoka kuchota maji mferejini. Kurudi, nimemkuta ameketi, mgongo ukutani, jasho linamtiririka. Kadi ziko ubaoni, sijui alizifikiaje sakafuni. Mkasi wangu uko mapajani mwake. Askari wa helmeti amekatwa chini, mkato umepinda.

"Nimemkata," anasema. "Sasa anasonga ngapi?"

"Mitano."

"Uko sure?"

"Si mimi nilitunga hiyo sheria?"

"Ulitunga. Lakini hatujawahi icheza."

Kweli. Hatujawahi. Nimeuliza kama tukifika hospitali atakubali. Macho yake yako kwenye kadi.

Honi. Ogola amefika. Namalwa yuko mlangoni na shuka, anasema tumbebe, mbona tunakaa?

"Ngojeni," anasema Kipkemoi. "Wacha kwanza atembee."

Anamsogeza kwa kidole, mraba kwa mraba, anahesabu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Sijawahi kuogopa kadi hivi maishani mwangu. Tatu. Hapo kidole kimesimama. Honi tena.

"Cheru," anasema. "Shika mkono wangu, homa inautetemesha. Imebaki miraba miwili."