Shukrani Iliyovuka Ukuta

Mwanangu Fundi,

Chai iko kwenye chupa. Kunywa bila kuiombea, leo umeshaomba ya kutosha.

Asubuhi ulimshukuru Mungu kwa sauti ya mnadani kwamba homa imeipita nyumba yetu kwa kuwa sisi ni watu wa sala. Nami nikaitikia Amina. Meno sina, ila sauti ninayo! Kumbe nyuma ya ukuta jirani yetu amempakata mwanawe, homa imemmaliza alfajiri. Amesikia yote.

Nilirudi kuchukua shuka jeupe tu. Niko kwake, tunamwosha mtoto.

Zile mbao za benchi la shukrani, ulilotaka kulichonga jina letu ulipeleke kanisani, zitumie kumtengenezea mtoto jeneza. ~~Jina letu lichonge kwa ndani, lisionekane.~~ Hapana, usichonge jina la mtu.

Ukilileta jeneza, usihubiri. Piga magoti, umwombe mama wa mtoto msamaha. Mama wa watu ameniuliza, “Bibi, sisi tulipunguza sala gani?” Nimebaki kumshika mkono. Njoo umwambie kwamba hata wewe hujui.

Mama yako