Siku Uliyoniandikia kwa Wino Mwekundu

Tata,

Miezi mitatu tangu tukuzike, baba yangu, na Biblia yako bado iko juu ya kabati. Mama anaipangusa vumbi kila asubuhi. Mimi naiogopa.

Jumapili hii kanisa linataka nichukue darasa lako la wanaojiandaa kwa ubatizo. Unajua desturi yetu: kabla ya kufundisha, mtu asimame ataje siku aliyookoka. Serikali imewakusanya Waprotestanti wote chini ya jina moja, imetuvua na majina ya ubatizo, ofisini mimi ni Ngoy tu, lakini desturi hiyo haikubadilika. Majirani Wakatoliki wanatucheka: imani gani hiyo yenye tarehe? Siku yako uliisimulia mpaka tukaijua kwa moyo. Ulikuwa mlevi. Mwenzako wa kazi kule mgodini Musonoi akakusomea habari za msalaba wakati wa mapumziko, ukalia mbele ya wachimbaji, na tangu hapo ukahubiri hata kwenye foleni ya maji.

Yangu uliiandika wewe, kwa wino mwekundu, pembeni mwa Yohana sura ya tatu.

Tata, siku ile sikuokoka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulihubiri tangu asubuhi, mawingu yametanda, njaa inaniuma, na wewe hukubali kufunga ibada, unamngoja mmoja zaidi aokoke: "Kungali mutu moya! Kungali mutu moya!" Nikawaza bukari, ugali wetu, inayopoa nyumbani. Nikainua mkono ili twende zetu. Basi. Ukashuka mimbarani ukilia, ukanikumbatia: "Leo njo siku yako, mutoto." Ningekuambiaje?

Wiki nzima sina raha. Naomba, nasoma, naamini, hilo nalijua. Ila sijui lilianza lini. Nikiitaja siku uliyoniandikia, nitawadanganya watu Biblia ikiwa mkononi. Nikisema kweli, huenda wakaninyima darasa, na Mama atasikia kila neno. Na wewe je? Naogopa hata huko uliko utakunja uso.

Wino sitaufuta. Ni siku uliyofurahi, acha ikae. Lakini nakuahidi, Jumapili nitawaambia habari ya mkono ule, na ya bukari. Kisha nitauinua tena mbele yao, na mvua ikitaka kunyesha inyeshe.

Pumzika, Tata. Yule mtu mmoja uliyekuwa unamngoja alikuwa mimi.

Binti yako,
Ruti