Shuka Juu ya Mwamba

Chumba cha uani,
Nyumba ya geti la kijani.
Jumanne, mapumziko ya mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo ya pili anakupa Bonge, ambaye siku hizi huitamka "chikamo" kisha anajipigia makofi mwenyewe. Natumaini mguu wako umepungua uvimbe, na kwamba Baba Mdogo bado anakukataza kuinua ndoo nawe bado unainua. Sisi hatujambo. Mimi ni uchovu tu, wala uchovu si ugonjwa, ingawa kuna asubuhi nasinzia nimesimama, mswaki mdomoni.

Barua yako ilifika. Umesema nikuletee Bonge akae kwako mpaka aanze shule, kwa sababu nikihamishiwa zamu ya usiku hapatakuwa na wa kulala naye, baba yake akiwa barabarani na lori lake. Najua umesema kwa upendo. Jibu ninalo, ila siwezi kukupa kavukavu. Lina mlima ndani yake, kwa hiyo nivumilie.

Chanzo unakijua nusu. Pale hotelini, uwanja tuliokuwa tukianikia nguo umegeuzwa maegesho ya magari. Kamba zimehamishiwa juu ya paa, na njia ya kufika huko ni ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani kwa nje, ile ambayo ukipanda unaiona ardhi kati ya kidato na kidato. Wenzangu walipanda siku ya kwanza huku wanaimba. Mimi nilipanda vidato vichache, magoti yakagoma. Msimamizi wetu si mtu mbaya, lakini kazi ni kazi. Akasema asiyeweza kuanika juu mchana atapiga pasi usiku, na akanipa mpaka mwisho wa mwezi nijiamulie.

Basi kuna mwenzangu ninayekunja naye mashuka, tunamwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Nikueleze tunavyofanya kazi, maana utaihitaji mbele. Yeye husimama kule na kikapu, mimi huku. Akichomoa moja anapaza, "Shuka!" Hata kama nilikuwa napiga soga na mwingine, mikono inanyooka yenyewe. Nashika pembe zangu, tunaivuta, kisha namwendea hadi pembe zikutane. Siangalii miguu hata siku moja. Macho yako kwenye pembe.

Kipaza ndiye aliyesema dawa ya moto ni moto. Nyuma ya mji kuna vilele vitatu vya mlima, tunaviona kupitia dirisha la chumba cha pasi. "Jumapili tunakwenda," akasema. "Ukirudi kutoka kule, hiyo ngazi utaiona kigoda."

Nilikubali, na usidhani ni ushujaa. Nilitaka kujua. Tangu nikiwa mdogo naambiwa hofu ya kimo ni ya ukoo wetu, kwamba Bibi hakuwahi kupanda hata kiti kutoa utando wa buibui. Sasa najiuliza, hofu hurithiwa kama pua? Au inaingia na maziwa? Mbona Bonge nimemnyonyesha mimi, na juzi nimemkuta amesimama juu ya meza anaitukana taa?

Tulimwacha kwa jirani mshonaji, tukaondoka asubuhi. Aliyetuongoza ni fundi bomba ambaye Jumapili hupeleka watu mlimani, mtu wa maneno machache. Kilele cha kwanza kilikuwa cha miti na vumbi, nikajiona nami mpanda milima. Cha pili tulikipanda kwa mikono na miguu. Mawe yalikuwa ya moto na yanakwaruza kama kisigino. Kila tulipopumzika niliweka kiganja tumboni nione hofu imefika wapi. Cha ajabu, haikuwa tumboni. Ilikuwa nyuma ya magoti, pale pale penye mkunjo.

Kati ya kilele cha pili na cha tatu kuna mgongo wa mwamba. Si mwembamba hivyo. Pangekuwa chini uani kwetu ningepita na beseni kichwani. Lakini huku ni hewa na huku ni hewa. Kipaza akavuka, akageuka kuniangalia. Mimi nilifika katikati, nikakaa kwa mikono na magoti kama mbuzi.

"Wee mama," Kipaza akapiga kelele, "umefika sokoni? Unachagua mawe?"

Sikuweza kucheka. Nilichowaza ni Bonge tu, analia usiku kwenye nyumba ambayo mimi simo. Kukuwazia vibaya hapana, Mama Mdogo, najua ungembeba.

Fundi bomba, aliyekuwa nyuma yangu, akaona nimekwama. Akataka nirudi kwake, twende zetu chini. Akapaza sauti kuushinda upepo:

"Shuka!"

Kule mbele Kipaza akainua mikono yote miwili, vidole vimebana pembe za kitu kisichokuwepo. Nami, Mama Mdogo, nikasimama. Sikuamua kusimama. Mikono ilinyooka, macho yakaenda kwenye vidole vyake, nikamwendea kama ninavyomwendea kila siku, mpaka ncha za vidole zikakutana. Ndipo tukatazamana.

"Tumekunja nini?" akaniuliza.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yule fundi akavuka akitutazama kama watu waliopigwa jua. "Mimi nimesema shuka," akasema, "ninyi mnapanda!" Kipaza akamjibu, "Kaka, kwetu sisi hiyo ni amri ya kwenda mbele."

Huko juu nilikaa muda mrefu. Mji ulikuwa mdogo kama makombo mezani, hoteli yetu sikuiona kabisa. Kuna wasemao kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na ukoo wetu umejifichia humo miaka yote. Lakini mimi kicheko nimekikuta upande wa pili wa mwamba.

Ila nikuambie ukweli, hofu haikwisha. Wakati wa kurudi ule mgongo ulikuwa pale pale. Kipaza alitaka kutangulia aninyooshee tena mikono. Nikamwambia apite na asigeuke, maana kwenye ngazi ya hoteli nitakuwa na kikapu, sitakuwa na yeye. Safari hii niliangalia miguu yangu, mmoja baada ya mwingine. Hofu ikaja mpaka kwenye ile mikunjo ya magoti, nikawa nayo, naichunguza kama mtu anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Inatetemesha, lakini haisukumi. Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote nilidhani inasukuma.

Jana, Jumatatu, nilianika juu. Nilipanda na kikapu mgongoni, pole pole, nikashuka kuchukua kingine. Msimamizi alisimama chini akijifanya anahesabu vibanio. Nilipomaliza aliniambia nibaki zamu ya mchana, basi, akaondoka. Magoti yalitetemeka mpaka jioni, lakini jioni nilikuwa nyumbani, namwogesha Bonge.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, Mama Mdogo. Mtoto anakaa na mimi. Usinune, na usimtumie Baba Mdogo kunibembeleza, unajua namheshimu na bado nitakataa. Badala yake nijibu lile ninalotaka kujua: wewe hofu yako inakaa wapi? Na Bibi, kweli hakuwahi kupanda kiti, au hakuna aliyewahi kumshikia?

Nisalimie Baba Mdogo, binamu yangu mwalimu na mkewe, na Shangazi, mwambie dawa ya kikohozi aliyonielekeza ilifaa. Kipaza anakusalimu kwa sauti ambayo labda umeisikia bila barua.

Mungu auponye mguu huo na akulindie wote wanaolala chini ya paa lako.

Nimesikia umeshamwandalia Bonge kitanda. Usikiondoe. Likizo yangu ikifika tutakuja wawili, tujibane humo humo, ule naye mpaka umchoke. Kisha tutarudi wawili.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokukatalia,
Mama Bonge